Somo la 7: Ujitandikie Mwenyewe

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 2:1–12, Mdo 9:32–42, 2 Kor. 12:7–10, 2 Sam. 9, 16:1–4, 19:24–30, 1 Kor. 6:19, 20, Gal. 6:1–5.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2 na 6:5. Yakaririwe yote mawili pamoja kutoka katika Biblia yako.

Ndugu mmoja anaanguka kutoka juu ya mwembe, au bodaboda aliyopanda inagongwa, na uti wa mgongo unaumia. Kanisa linafunga na kuomba. Michango inapitishwa. Baada ya miezi mingi anaruhusiwa kutoka hospitali. Miguu haijarudi, lakini amejifunza kuhama mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kuoga, kuvaa, na kutoa mkojo kwa mpira kwa saa zake. Siku ya kurudi nyumbani tunaimba na kushukuru.

Kisha anakuta mlango ni mwembamba kuliko kiti chake, choo kiko nyuma ya nyumba, na mbele kuna ngazi tatu. Watu wanamzuia asijisumbue. Alichojifunza kwa miezi kinaanza kupotea kwa majuma machache. Hospitalini alikuwa mwanafunzi; nyumbani amefanywa mgonjwa.

Juma hili tutajifunza kwamba upendo wa Kikristo hauishii katika kumbeba mtu. Unamtengenezea pia mahali ambapo anaweza kubeba mzigo wake mwenyewe.

JUMAPILI: Waliobomoa Dari

Soma Marko 2:1–12. Marafiki wanne walifanya nini walipoona hakuna njia? Yesu alimtuma yule mtu aende wapi?

Mara nyingi tunahubiri juu ya imani ya wale wanne. Tuangalie pia mikono yao. Jengo lilimzuia rafiki yao, nao wakalibadili jengo. Hawakumwambia asubiri mpaka mkutano uishe.

Na Yesu, baada ya kumsamehe na kumponya, alimwagiza aende nyumbani kwake. Nyumbani ndipo maisha yalipomsubiri: mke, watoto, majirani, kazi. Kwa hiyo nyumba iandaliwe kabla ya siku ya kuruhusiwa. Mashemasi waende na futi ya kupimia. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80 au zaidi. Penye ngazi, jengeni njia ya mteremko: kwa kila sentimita 10 za kimo, urefu wa sentimita 120 hivi, ili asukume kiti bila kupinduka. Kisha pimeni na mlango wa kanisa.

JUMATATU: Kitanda cha Ainea

Soma Mdo 9:32–42. Petro alimwagiza Ainea afanye nini mara tu alipoponywa?

Kwa miaka minane Ainea alilala kwa kupooza. Bila shaka wengine ndio waliomtandikia. Agizo la kwanza baada ya jina la Yesu kutajwa ni dogo na la nyumbani: ajitandikie mwenyewe. Neema ilimrudishia kazi yake.

Lakini si kila anayeombewa hutembea. Paulo aliomba mara tatu, na jibu alilopewa lilikuwa neema ya kutosha ndani ya udhaifu (2 Kor. 12:7–10). Tukimwambia ndugu yetu kwamba angekuwa na imani angesimama, tunamwongezea jeraha la pili. Yeye naye anaweza kuitii sauti ile ile akiwa kwenye kiti chake. Huenda kuvaa kutamchukua saa nzima. Tumpe saa hiyo. Kumvalisha haraka ili tuwahi ibada kunaonekana kuwa huruma, lakini kunamnyang'anya alichopata kwa jasho.

Je, kuna mtu ambaye msaada wako umemfanya mdogo kuliko Mungu alivyomkusudia?

JUMANNE: Aliyeshika Punda

Soma 2 Samweli 9, 16:1–4, 19:24–30. Daudi alimkosea vipi Mefiboshethi?

Mefiboshethi alilemaa akiwa na miaka mitano, alipoanguka mlezi wake akikimbia naye (2 Sam. 4:4). Daudi alimtendea mema: alimrudishia mashamba na kumweka mezani pake. Lakini usimamizi wa mali ulibaki kwa Siba, na hata kwenda safari kulitegemea watumishi. Absalomu alipoasi, Siba alikuja na punda na chakula, akatoa habari za bwana wake. Mfalme aliamini bila kumwuliza mwenyewe, akatoa hukumu. Baadaye Mefiboshethi alijieleza: alitaka kutandikiwa punda amfuate mfalme, kwa kuwa ni kiwete, naye akahadaiwa.

Aliyeshika punda alishika na sauti yake. Ndivyo inavyotokea hata leo, bila hila yoyote. Tunamwuliza mke, "Anaendeleaje?" huku mume ameketi pale pale. Kamati inaamua atahudhuria ibada au la. Mefiboshethi alikuwa na kiti mezani pa mfalme, na bado hakusikilizwa. Kiti cha magurudumu kikae mahali anapokifikia mwenyewe, na swali linalomhusu aulizwe yeye.

JUMATANO: Hekalu Lisilohisi Maumivu

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20. Kuutunza mwili kunakuwaje ibada kwa mtu ambaye sehemu ya mwili wake haihisi?

Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Siku zile wengi walioumia hivyo walitazamiwa kufa, hasa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Yeye alisisitiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, kisha wapewe kazi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale. Huo ukawa mwanzo wa Michezo ya Paralimpiki. Walioonekana hawana tumaini walirudi kwenye jamii.

Mambo yale yale huokoa uhai nyumbani. Anapoketi, ajiinue au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kila siku atazame ngozi yake kwa kioo. Penye wekundu usioondoka, asipalalie. Asiweke sufuria ya moto mapajani, wala asikae karibu na jiko la mkaa, maana ataungua bila kujua. Mkojo utolewe kwa saa zake kwa mikono safi. Na aliyeumia juu ya kifua cha kati, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho, aketishwe wima, kibofu kiangaliwe kama kimejaa au mpira umezibwa, na apelekwe hospitali upesi. Hiyo ni dharura.

ALHAMISI: Mizigo Miwili

Soma Wagalatia 6:1–5. Je, fungu la 2 na la 5 yanapingana?

Katika Kiyunani Paulo anatumia maneno mawili. Fungu la 2 ni baros, uzito unaomlemea mtu. Fungu la 5 ni phortion, mzigo ambao kila msafiri hubeba wake; ndilo neno alilotumia Yesu aliposema mzigo wake ni mwepesi (Mt. 11:30).

Njia ya mteremko, choo cha kukalia, gharama ya mipira, ada za watoto, usiku ambao mke hajalala: hayo ni mazito, tuyabebe pamoja. Kujivalisha, kupanga siku yake, kutoa zaka, kuongoza kikundi cha somo, kuwaombea wengine: hayo ni yake. Tukimwachia ya kwanza, tumemtelekeza. Tukimpokonya ya pili, tumemzika akiwa hai.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Yohana 5:1–9. Mtu yule wa Bethzatha alisema hana mtu wa kumsaidia. Yesu alikuwa amemwuliza kwanza yeye mwenyewe anataka nini.

Maswali ya Kujadili:

1. Nani katika kanisa letu aliacha kuja kwa sababu anaona aibu kubebwa kama gunia? Nani atamtembelea juma hili, na atamwuliza nini?

2. Idara ya Dorkasi na mashemasi wanaweza kufanya nini kwa pamoja kabla mgonjwa hajaruhusiwa, badala ya kusubiri arudi?

3. Mke au mama anayemtunza naye anachoka. Tutampumzishaje bila kumwondolea mgonjwa uhuru wake?

4. Kama kuna ndugu mwenye kiti cha magurudumu kikundini, mpeni nafasi ajibu kwanza, naye achague kama atajibu au la.