Malaika Hakumhubiria Eliya

Somo: 1 Wafalme 18:46 hadi 19:18

Nilipotangaza kwamba Jumapili hii tutaongea juu ya stresi ya watoto wetu wa Gredi ya 7, 8 na 9, kuna waliocheka. Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Pasta, mtoto wa miaka kumi na tatu ana stresi ya nini? Kwani analipa fees?" Nami nikacheka. Lakini hilo swali ni zuri na halistahili kuachwa hewani, kwa hivyo tulipeleke kwenye Neno.

Eliya ametoka Karmeli. Ameona moto ukishuka mchana kweupe mbele ya manabii 450 wa Baali. Amekimbia kwa miguu mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, mvua ikimnyeshea. Halafu mjumbe anakuja na neno kutoka kwa Yezebeli, kwamba amebakisha siku moja ya kuishi. Angalia vizuri: hakuona jeshi, hakuona upanga. Aliona tarehe. Na yule mwanamume shujaa akakimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amchukue.

Si mtu asiye na imani huyo. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa anaomba moto na unashuka. Nasisitiza hapo kwa sababu kwetu sisi watu wa kujazwa Roho, mtoto akisema amechoka na maisha, kitu cha kwanza tunatafuta ni pepo. Mimi naamini mapepo yapo na naamini jina la Yesu linayafukuza. Lakini Eliya hakuwa na pepo. Alikuwa na uchovu, njaa, upweke na tarehe.

Kuna kijana mmoja wa Gredi ya 9 hapa kwetu. Mamake ameniruhusu niseme, bila jina. Kila Jumapili usiku tumbo linamuuma. Jumatatu asubuhi anatapika. Ijumaa jioni amepona kabisa, anacheza mpira. Kituo cha afya wakapima, hawakuona kitu. Nyanya yake akasema ni jicho la jirani. Akapakwa mafuta, akaletwa kesha mara mbili. Jumatatu tumbo likarudi. Nilipokaa naye nje ya kanisa, kwa ile kivuli ya mwembe, nilimwuliza kitu kimoja tu: Jumatatu kuna nini? Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Tunasomewa marks mbele ya darasa." Na nyumbani babake humwambia kwamba shamba limeuzwa nusu kwa sababu ya masomo yake.

Wapendwa, tumbo la huyo mtoto halikuwa linadanganya. Mwili ukiona hatari unamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, misuli inakazwa, damu inaachana na tumbo inakimbilia miguu ili mtu apigane au atoroke. Mungu aliuumba hivyo na ni vizuri, maana ukikutana na ndovu njia ya Meru National Park unahitaji miguu, chakula kitasagika baadaye. Shida ni kwamba mwili haujui kutofautisha ndovu na karatasi ya hesabu. Na ndovu hupita, lakini karatasi inarudi kila Jumatatu.

Sasa, sisi wazazi tulifanya mtihani mmoja. KCPE ilikuja mwisho wa darasa la nane, alama 500, ikaisha. Ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto hawa wako na mpango mwingine, na wengi wetu hatujaketi chini kuuelewa. Alama za KPSEA za Gredi ya 6 ni asilimia 20. Kazi ya shuleni ya Gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20 nyingine. KJSEA ya Gredi ya 9 ni asilimia 60. Masomo ni 9, kila moja lina viwango 8, kwa hivyo pointi za juu kabisa ni 72. Kundi la kwanza lilifanya mwaka 2025, Januari 2026 likaingia Gredi ya 10. Na kabla hata ya mtihani, mtoto wa miaka kumi na nne anaulizwa achague njia: STEM, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mimi nilisomea biashara chuo kikuu, na nawaambia nilichagua hiyo kozi nikiwa na ndevu na bado sikuwa na uhakika.

Kwa macho ya mtu wa biashara, huo mpango una uzuri wake. Hatari imegawanywa. Mtoto anaingia kwa KJSEA akiwa tayari na asilimia 40 kwenye akaunti, na malaria ya asubuhi moja haiwezi kumfuta kabisa kama ilivyofuta wengine enzi zetu. Mwambieni hivyo! Wengi hawajui, wanafikiri siku hiyo ndiyo kila kitu. Lakini upande wa pili ni kwamba mzigo ambao sisi tulibeba wiki moja, wao wanaubeba miaka. Na tunauongeza sisi wenyewe tunapouliza, "Umekuwa namba ngapi?" wakati ripoti yenyewe haina namba. Mtoto anasimama hapo na karatasi yenye ME na AE, hawezi kukuelezea, na wewe unaona kama anaficha.

Mama yangu wa mlangoni, hiyo ndiyo stresi yake.

Turudi jangwani. Mungu anatuma malaika kwa mtu anayetaka kufa. Sisi tungetarajia mahubiri hapo, si ndiyo? Amkumbushe Karmeli, amkemee. Malaika anamgusa. Anamwambia aamke ale. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na chupa ya maji kichwani pake. Eliya anakula, na analala tena! Na malaika hakasiriki. Anamwacha alale, anarudi mara ya pili na chakula kingine, na ndipo anataja safari, tena anakubali kwamba ni kubwa kumliko. Kwa nguvu ya chakula hicho akatembea siku arobaini mpaka Horebu. Mazungumzo kuhusu huduma yake yalifanyika huko Horebu, baada ya usingizi mara mbili na chakula mara mbili. Huo mpangilio si bahati mbaya.

Mtoto wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Hebu piga hesabu ya nyumbani kwako. Anaamka saa kumi na nusu, anachota maji, anakamua, anatembea shule. Jioni ni ng'ombe, kuni, kitinda mimba wa kubembeleza, halafu saa tatu ya usiku ndio anafungua kitabu. Kampuni inaweza kuwa na faida kubwa kwenye vitabu na ifungwe mwezi ujao kwa sababu hakuna pesa taslimu kwenye droo. Mtoto ni hivyo hivyo. Akili anayo, na ripoti zinasema anaweza, lakini droo ni tupu saa nne asubuhi wakati mwalimu anafundisha.

Na sasa niseme jambo ambalo najua halitapendwa na kila mtu. Kuna vijana wa JSS wanatafuna miraa usiku ili wasome. Wengine wanatoka kuvuna alfajiri na vidole vyao vinanuka majani kabla ya gwaride. Sisimami hapa kupinga biashara. Nyumba nyingi za Tigania na Igembe zimejengwa na huo mti, na sadaka ya kanisa hili pia inajua ulikotoka. Uingereza walipofunga soko mwaka 2014 tulilia pamoja, na Somalia walipofunga 2020 tulilia tena. Lakini fikiria malaika alimpa Eliya nini: usingizi na chakula. Miraa inaondoa nini? Usingizi na hamu ya chakula. Inaufanya moyo wa mtoto uliokuwa tayari unakimbia ukimbie zaidi. Anasoma mpaka saa nane usiku, kesho hakumbuki. Mzazi, uza ukiuza, lakini kitita kisifike mezani pa vitabu.

Vijana, sasa nyinyi. Moyo ukianza kwenda mbio kabla ya mtihani, hiyo si dalili kwamba utaanguka. Ni mwili umeona ndovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, iachilie polepole ukihesabu hadi sita, mara tano au zaidi. Ile pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inauambia moyo upunguze. Unaweza kuiomba nayo. Jina la Yesu linaenea kwenye pumzi moja. Halafu kila mwenye duka hufanya hesabu ya stoki, hata ikiwa inaogopesha. Chukua karatasi, andika yote yanayokusumbua. Weka alama kwa yale uko na uwezo nayo wiki hii. Fees haiko kwa mkono wako, ni ya babako. Sura ya pili ya sayansi iko kwa mkono wako. Anza na dakika ishirini za hiyo. Na usimwache mtumishi wako Beer-sheba. Eliya alipobaki peke yake alifikiri ni yeye tu amesalia, kumbe Mungu alikuwa na wengine elfu saba, na akampa Elisha wa kutembea naye. Tafuta mtu mmoja mkubwa umwambie ukweli.

Wazazi, mtoto akisema kama Eliya, kwamba heri afe, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, usiseme anatafuta huruma. Usimpige, kiboko kilikatazwa shuleni tangu 2001 na nyumbani hakijawahi kuponya huzuni. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango. Usimwache peke yake, fungia dawa za shamba kwa kufuli, na uje hospitali naye, iwe ya karibu au ile ya rufaa pale Meru. Nambari 116 ni ya watoto, haina malipo, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kisha tuite sisi tuombe. Maombi na daktari hawajawahi kugombana, Luka alikuwa daktari.

Neno kuhusu kufunga. Nimesikia watoto wa Gredi ya 9 wanaambiwa wafunge siku tatu kabla ya mtihani. Mzazi, funga wewe. Mtoto ale uji, githeri, yai likipatikana. Nimeongea na pasta mkuu, na tumekubaliana kwamba kuanzia sasa watoto wa shule hawatakaa kesha hadi asubuhi muhula ukiendelea. Tutawaombea saa moja jioni, saa mbili waende nyumbani na mtu mzima.

Yule kijana wa Jumatatu bado tumbo linamuuma, ingawa si kila wiki. Babake alikuja Alhamisi, akaketi na mimi, na tulienda naye kwa mwalimu kuongea juu ya kusoma marks mbele ya darasa. Mwalimu alitusikiliza. Endeleeni kuwaombea wote watatu.

Jumamosi hii saa nane mchana, JSS wote wakutane kanisani, wa kanisa letu na marafiki wao. Kina mama wa jikoni wameahidi chai na nduma. Tutakula kwanza, ndio tuongee.