Mizani ya Muuza Asali

Mizani ya kumpimia Antonio nyama yake tuliiazima kwa mama mmoja anayeuza asali sokoni Tabora. Ilikuwa ya kuning'iniza, sahani mbili za shaba, minyororo mitatu kila upande. Aliisuuza kabla ya kutukabidhi, lakini nta ilikuwa imeganda ndani ya pete za minyororo, na alasiri ya kwanza ya mazoezi nyuki wanne watano waliifuata mpaka ukumbini. Kijana aliyeigiza Shailoki alisimama katikati yao akinoa kisu kwenye soli ya katambuga zake. Mchezo unataka anoe kisu kwenye soli ya kiatu, na kiatu alichokuwa nacho ni hicho cha tairi. Hakumfukuza nyuki hata mmoja.

Ilikuwa miaka ya 90. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare, nilikuwa nimeufundisha mara nyingi mno, nikidhani namjua Shailoki. Mkopeshaji wa Kiyahudi anayetemewa mate na Wakristo wa mji wake. Anaandikiana hati na mfanyabiashara Antonio kwamba deni likipita siku yake atakata ratili moja ya nyama mwilini mwa mdeni. Anashindwa mahakamani kwa sababu hati imetaja nyama, damu haikuitaja. Niliwauliza wanafunzi swali lile lile la mtihani, kama Shailoki alitendewa haki. Walijibu kwa hoja tano, nikatoa alama.

Jioni moja tukifanya sehemu ya mahakama, mlinzi wa shule alikuja kufunga madirisha akabaki mlangoni. Alikuwa mzee wa Kanyenye, mtu wa kofia na swala tano. Kijana wangu alikuwa amefika pale Mtawala wa Venisi anapomuuliza Shailoki atatarajiaje kurehemiwa ilhali mwenzake hamrehemu. Shailoki anamjibu kwa kuwataja watumwa. Anawakumbusha wakubwa wale kwamba majumbani mwao wamo watu waliowanunua, wanaowatumikisha kama punda, na hakuna anayethubutu kuwaambia wawaache huru au wawaoze watoto wao. Wao wakiambiwa hivyo watasema ni mali yao. Basi na ratili hii ya nyama, anasema, ameilipia, ni yake.

Mtawala hasemi neno juu ya watumwa. Anasema ana uwezo wa kuahirisha shauri kama mwanasheria aliyemwita hatafika leo. Mchezo unasonga mbele.

"Mwalimu, samahani," mzee akaita kutoka mlangoni. "Huyu mmemnyamazisha. Hamjamjibu."

"Shikamoo mzee wangu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Marahaba. Basi aliyeandika ameliacha wazi makusudi."

Usiku ule nilirudi kwenye kitabu, na aibu ikanishika. Hotuba ya Porshia juu ya rehema, ile ambayo wanafunzi wangu waliikariri kwa moyo, inatolewa na mtu ambaye hakuwepo swali lilipoulizwa. Porshia anaingia mahakamani, akijifanya mwanasheria, baada ya Shailoki kumaliza habari ya watumwa. Anasema vizuri, hakika anasema vizuri kuliko wote, lakini anamjibu mtu mwingine. Kisha nikakumbuka kwamba mapema kidogo, katika sehemu ya tatu ya mchezo, mtumishi Lanseloti anatupiwa lawama ya kumpa mimba mwanamke mweusi. Mwanamke huyo hana jina. Hatokei jukwaani hata mara moja. Anatajwa kwa mzaha, halafu chakula kinaandaliwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimempita kama watu wa Venisi walivyompita.

Shailoki mwenyewe amehangaika sana jukwaani tangu Shakespeare alipomtunga, kati ya mwaka 1596 na 1597. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, kwa hiyo watazamaji wengi wa London walimcheka mtu ambaye hawakuwahi kuketi naye. Mapokeo ya jukwaa yalimvika nywele bandia nyekundu, zama baada ya zama. Mwigizaji Charles Macklin alimfanya wa kutisha mwaka 1741. Edmund Kean akazitupa zile nywele nyekundu mwaka 1814 na kuvaa nyeusi, watu wakaona binadamu. Henry Irving, 1879, akampa heshima ya mzee aliyeonewa. Jacob Adler alimwigiza New York kwa Kiyidi, na mwaka 1903 aliendelea kusema Kiyidi chake huku wenzake jukwaani wakisema Kiingereza. Mwaka 1943 mjini Vienna, chini ya Wanazi, Werner Krauss alimwigiza kwa namna ya kuwachochea watu wawachukie Wayahudi waliokuwa wakiuawa wakati huo huo. Mhusika mmoja, maneno yale yale.

Ninayemfikiria zaidi ni Ira Aldridge, mtu mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807, akavuka bahari kwa sababu nchini kwake hakuna jukwaa kubwa ambalo lingempokea. Katika Shakespeare hakuigiza Othello peke yake. Aliigiza na Shailoki. Mwaka 1858 alikuwa Urusi, nchi ambayo wakati huo wakulima wake wengi walikuwa bado mali ya mabwana wa ardhi. Nikiwaza mtu wa rangi yangu akiwaambia watu wa namna ile habari ya watumwa walionunuliwa, mwili unanisisimka.

Mwaka huo huo Kazeh, ambayo leo tunaiita Tabora, ilikuwa imejaa misafara. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, na katika mizigo yao mlikuwa na kitabu cha Shakespeare walichokisoma pamoja tena na tena njiani. Kwa hiyo Shailoki alipita hapa kichwani mwa mpagazi, kwenye barabara ile ile ya pembe na watu. Pembe zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16 kila moja. Watu walihesabiwa kwa vitambaa, merikani na kaniki, na kwa shanga. Miaka michache baadaye, mwaka 1867, mmisionari Edward Steere alichapisha Unguja hadithi za Kiingereza kwa Kiswahili, na kisa cha ratili ya nyama kilikuwamo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kwa miaka sita, basi, Mswahili aliyejua kusoma aliweza kushika hadithi ya mtu anayedai nyama ya mwenzake kwa hati halali, na soko likiwa wazi kwenye kisiwa kile kile kilikochapishwa kitabu.

Tafsiri tuliyoigiza sisi ni ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1969. Alikuja Tabora mwaka 1937 kusoma shule ya serikali, akarudi kufundisha St Mary's kuanzia 1946 hadi alipoondoka kwenda Edinburgh 1949. Watu husema aliupa mchezo jina la Mabepari kwa sababu ya siasa, maana Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu. Ni kweli, lakini neno lenyewe lina safari yake. Bepari tumelipokea kutoka kwa Wahindi, na kwao maana yake ni mfanyabiashara, basi. Lilikuja na watu wa aina ya Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, mmoja wa wafanyabiashara wa mwanzo kukaa hapa Kazeh. Kuna siku neno hilo lilikuwa safi. Sisi ndio tuliolichafua, au biashara iliyopita hapa ndiyo iliyolichafua.

Kama wiki moja baada ya jioni ile, mzee alinikaribisha kwenye benchi lake la getini. Hapa Tabora kumuuliza mtu asili yake ni kumvua nguo hadharani, kwa hiyo sikuuliza kitu. Alisema mwenyewe. Bibi yake, mama wa baba yake, aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, akanunuliwa, akazaa katika nyumba iliyomnunua. Kisha akasema, "Mwalimu, dini yangu imefundisha kwamba mwenye kosa amwache mtumwa huru, iwe kafara yake. Na waliomnunua bibi yangu walikuwa wanaswali."

Mimi ni Mkatoliki. Sikuwa na haki ya kumwitikia kwa kutikisa kichwa, kwa sababu meli zilizovusha mamilioni ya watu Atlantiki zilikuwa za watu waliobatizwa kama mimi. Nilimwambia hivyo. Tukakaa.

Ninaloliamini tangu siku hiyo ni kwamba rehema ikimruka yule asiyeonekana inakuwa hisani ya wenye nguvu wao kwa wao. Porshia anamwomba Shailoki amrehemu Antonio, rafiki wa mumewe, mtu wa tabaka lake. Anapata ushindi, kisha Venisi inamrehemu Shailoki kwa masharti, na sharti moja, linalotoka kinywani mwa Antonio, ni kwamba Myahudi huyo awe Mkristo. Mchezo unaliita hilo huruma. Hapo ndipo imani yangu inapochukizwa kabisa. Ubatizo si faini. Sakramenti inayopokelewa kwa hofu ya mahakama ni maji tu, na anayeyamwaga ana dosari kubwa kuliko anayemwagiwa. Al Pacino alipomwigiza katika filamu ya mwaka 2004, mwishoni tunamwona amesimama nje, milango ya sinagogi ikifungwa mbele yake. Hana tena mahali pa kusali.

Sisemi Shailoki ni mtakatifu. Alikuwa tayari kumkata mtu. Kwetu Isevya akina mama wanakopa mikopo wanayoiita kausha damu, na jirani yangu niliwahi kumkuta amekaa kwenye chaga tupu za kitanda, godoro limechukuliwa kwa rejesho la wiki moja, mtoto mgongoni ana homa. Aliyelichukua alikuwa na karatasi iliyosainiwa. Porshia alimshinda Shailoki kwa sababu hati yake haikutaja damu. Hizi za mtaani kwetu damu wameitaja kwenye jina, na bado zinasimama. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, halafu nikajiuliza nani alimwacha mama huyu bila mlango mwingine wa kubisha. Mimi mwenyewe nyumba yangu iko hatua 20 kutoka kwake.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimemwomba kijana aliyeigiza Mtawala jambo moja tu: Shailoki akimaliza habari ya watumwa, ahesabu kimyakimya mpaka kumi ndipo aseme neno lake la kuahirisha shauri. Kumi jukwaani ni muda mrefu. Kufika nne hivi, wazazi walianza kugeukiana wakidhani mtoto amesahau. Kufika saba hakuna aliyekohoa. Mizani ilikuwa ikizunguka polepole kwenye kamba yake, sahani moja imeshika mwanga wa taa.

Mzee alikuwa ameketi safu ya mwisho, karibu na mlango. Mtawala alipofungua kinywa kuahirisha shauri, yeye alisimama, akaweka kofia yake sawa, akarudi getini kwake.

Asubuhi nilipeleka mizani sokoni. Yule mama aliinua kila sahani, akalamba kidole, akasema bado ina asali.