Ndege ya Nani?

Mwenye kumsahihishia mwenziwe kazi yake, humpa kitu au humnyang'anya? Swali hili si geni kwa wapenzi wa ushairi. Nani katika sisi hakupata kuzipeleka beti zake za mwanzo kwa aliyemtangulia, zikarudi vina vimenyooka, mizani imetimia, na ndani yake mna maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyajua? Mimi lakini sikulikuta katika ushairi. Nililikuta juu ya meza ya jikoni, katika mji mmoja wa Uingereza nilikokaa miaka kadhaa kwa dada yangu, na kilichoniingiza humo ni ndege ya mchezo isiyo na injini, ya bei ndogo kuliko zote dukani.

Ndege za namna hii huitwa glaida. Asiyepata kuiona na aifikirie tiara iliyokatika uzi ikakataa kuanguka. Hurushwa kwa mkono kutoka ukingo wa kilima, na upepo unaougonga mteremko ukapanda juu ndio unaoibeba. Aliyesimama chini huiongoza kwa redio aliyoishika mikononi, yenye vijiti viwili: kimoja cha kuipeleka kushoto na kulia, kimoja cha kuinua na kuinamisha pua. Kwa hakika glaida hushuka wakati wote, kama mtu ateremkaye ngazi. Ila ngazi yenyewe ikiwa inapanda upesi kuliko ashukavyo yeye, watazamaji humwona yuapaa.

Zile za rahisi huuzwa vipande vipande ndani ya sanduku la karatasi. Ukilifungua wakuta mbavu za bawa zilizokwisha kukatwa, boriti zake, mataruma ya kiwiliwili, nyaya mbili tatu, na mchoro mkubwa wa kutandaza mezani. Gundi, wembe, msasa na subira utajitafutia mwenyewe. Mbao ni za balsa, na balsa kwa Kihispania maana yake ni chelezo. Mti huo hustawi sana Ekwado, na ni magogo yake aliyoyafunga Thor Heyerdahl mwaka 1947, akasafiri nayo kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia kwa siku 101. Mimi, mtu wa kisiwani, nilipojua kwamba bawa la mpwa wangu ni ndugu wa chelezo, nilijiona nina haki ya kutia mkono.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kiswahili chake kilikuwa cha sebuleni, cha kuamkia wakubwa na kuombea chakula, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kukinyoosha. Akisema "kitabu yangu," humwambia changu. Akisema "maji mengi imemwagika," humwambia yamemwagika. Kubwa lililonikera ni ndege. Yeye hakutofautisha ndege wa mitini na ndege ya abiria. Vyote kwake vilikuwa na roho. "Ndege wangu ataruka Jumapili," alikuwa akisema, nami humkatiza: yangu, itaruka. Hukaa kimya kidogo, kisha huendelea kwa Kiingereza. Kimya kile sikukitia maanani.

Akaijenga glaida yake peke yake kwa wiki tatu, nami nikimchungulia. Ilikuwa na ila zote za mkono wa kwanza. Bawa la kushoto lilikuwa limepinda, ukingo wake wa nyuma umenyanyuka karibu na ncha, kwa sababu hakulibana mezani mpaka gundi ikakauka. Mkia aliupaka gundi kama apakaye siagi. Na hapo ndipo penye siri ya vyombo hivi. Glaida, kama ubeti, haisimami bila mizani: uzito wake hutakiwa ukutane karibu na thuluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia u mbali na hapo, pua i karibu. Kwa hiyo kila gramu ya kipuuzi iliyozidi mkiani hudai gramu mbili tatu za risasi puani, na bawa hubeba deni lote. Mpwa wangu aliitia pua yake machubwi ya kuvulia mpaka ikawa nzito kama nyundo.

Tukaenda nayo Ivinghoe Beacon, kilima katika safu ya vilima vya chaki vya Chiltern ambako warushaji wa ndege hizi hukutana. Aliirusha. Ikaenda sekunde ishirini hivi, ikajipinda kushoto kama mtu aliyeitwa, ikajibwaga majanini. Akaifuata mbio, akarudi nayo anahema, anacheka, nyasi puani mwa ndege na puani mwake mwenyewe. Akairusha tena, na tena. Mimi nilisimama pembeni nimekunja uso, nahesabu makosa.

Usiku ule, yeye amelala, nilikaa jikoni mpaka saa nane. Nililipinda bawa kinyume cha upotofu wake huku nikiipasha kwa pasi ile ngozi ya plastiki inayolivika, nikalishikilia mpaka likapoa limenyooka. Nikausugua mkia kwa msasa, gundi yote ikatoka. Nikapunguza machubwi. Nikaziba ufa baina ya mkia na usukani wake, nikatia ukanda wa nyuzi za kaboni pale mabawa yanapoungana. Nakiri kwamba sikupata kuona raha kama ile kwa muda mrefu.

Jumapili iliyofuata glaida ile ilikaa angani dakika kumi na moja. Wazee wa pale, wenye ndege za fedha nyingi, waliisifu. Ilipotua, mpwa wangu akanirudishia redio kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema: "Ndege yako imeruka vizuri, mjomba."

Sarufi ilikuwa sahihi kabisa. Ndiyo mara ya kwanza alipoipatia.

Hakuigusa tena. Ilining'inia kwenye msumari barazani mpaka vumbi likaila rangi.

Aristotle, katika kitabu cha tisa cha Maadili yake kwa Nikomako, aliuliza kwa nini mtenda wema humpenda aliyetendewa kuliko yule anavyompenda yeye. Jibu lake ni kuwa aliyetendewa ni kazi ya mtenda, na kila fundi huipenda kazi yake kuliko kazi ingempenda yeye lau ingetiwa roho. Akawataja washairi kuwa ndio waliopindukia, kwa kuzipenda tungo zao kama watoto wao. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliyaona ni mapenzi mema. Leo nayaona ni maonyo. Maana ukimfanya mtu kuwa kazi yako, kile alichokitengeneza yeye hugeuka malighafi tu. Mimi nilidhani nalinyoosha bawa kwa ajili ya mtoto. Kumbe nalinyoosha kwa kuwa jicho langu halikuvumilia upotofu, na mtoto alikuwa njia tu ya kulifikia bawa.

Jambo hili twalijua sana watu wa pwani. Tenzi zetu zimetufikia kwa mikono ya wanakili, na miongoni mwao walikuwapo waliokuta neno wasilolipenda wakaweka bora. Hawakuwa waovu, walikuwa na ilimu na mapenzi. Walakini msomaji wa leo amewekewa nakala mbili tatu zisizoafikiana, na hajui ni wapi anamsikia mtunzi na ni wapi anamsikia mwema aliyemsaidia.

Atasema mwenye kunipinga: je, tuwaache watu na makosa yao? Hoja hii si ndogo. Yasimuliwa na al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, kwamba Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, katika karne ya tisa, alijivika manyoya na mabawa akaruka umbali wa kutajika, akaumia katika kutua kwa kuwa hakujifanyia mkia, naye ndege hutua kwa mkia. Lau angekuwapo rafiki wa kumwambia "bwana, mkia!", je, rafiki huyo angekuwa mnyang'anyi? La hasha. Na kilimani kwetu hupita watu na watoto wao. Glaida ambayo kiungo cha mabawa yake ni dhaifu yaweza kuvunjika juu ya vichwa vyao. Ukanda ule wa kaboni sijutii kuutia, wala nisingeomba radhi kwa ajili yake. Kosa lenye kumdhuru mtu halina mwenyewe. Aliyeliona ndiye mwenye dhima.

Lakini ibn Firnas angeambiwa, akaufanya mkia kwa mkono wake. Mimi sikusema, nilingoja mtoto alale. Hapo ndipo ninapoona mpaka ulipo, nao si baina ya kosa kubwa na dogo, ni baina ya mchana na usiku. Ningemwonyesha bawa, nikamwambia ndiyo sababu ya kujipinda kushoto, angeweza kulinyoosha, au kulipinda zaidi, au kusema alipenda linavyojipinda. La mwisho hilo ndilo nililoliogopa. Kusahihisha kwa siri ni kukimbia jawabu la mwenye kazi.

Na bei nayo ina neno hapa. Glaida ya fedha nyingi hutoka kiwandani imekwisha kukamilika. Mwenye nayo huilinda, haithubutu. Ile ya sanduku la karatasi imeachiwa mapungufu, mbao zake hazikuchaguliwa sana, na mchoro wake wamwambia mnunuzi waziwazi kwamba mengine ni juu yake. Kasoro zile ni nafasi aliyoachiwa mtoto aingie. Nilipoziziba zote kwa usiku mmoja nilimfungia mlango, nami nikabaki ndani.

Mwaka uliofuata alinunua sanduku jingine, kama lile lile, kwa fedha zake. Hakuniomba ushauri. Mara moja tu aliniita nimshikie ncha ya bawa gundi ikauke, nikashika, nikaangalia ukutani. Niliponyanyua mkono niliona bawa la kulia limepinda kidogo. Nikamwuliza kama ameliona. Akasema ameliona. Akalivika ngozi hivyo hivyo.

Ivinghoe siku ile palikuwa na upepo mzuri, na mwewe mmoja yu juu ya mteremko. Glaida ilivuta kulia, kama nilivyojua, na kila ilipovuta yeye alisogeza kijiti kushoto kwa kidole kimoja, bila kuhangaika, kama mpanda punda aujuaye ukaidi wa punda wake. Ikapanda. Ikampita mwewe. Mpwa wangu hakuyaondoa macho angani.

"Mjomba, mjomba, tazama," akasema. "Ndege wangu anapanda!"

Nikamwambia: namwona.