Nyumba Haina Mtu

Kaka yangu anaishi North Carolina. Alitoa themostati ya zamani ya pampu ya joto, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaweka ya kupangiwa saa: wakienda kazini joto lishuke, jioni lipande. Stima isiende bure.

Januari Mama akawatembelea. Mchana kutwa alikaa na koti na leso mbili, akiogopa kugusa kidude cha wenyewe. "Nilidhani ndivyo mnaishi," akasema.

Kaka ananiambia ati mashine ilikosea. Wapi! Ilitii tu. Ratiba ilisema saa hizo nyumba haina mtu. Mimi niliacha chuo, siku nzima niko nyumbani. Najua kuhesabiwa hivyo. Kuokoa ni vizuri, lakini kabla ya kupanga, uliza: nani atabaki ndani?