JE, KILA AZAMAYE AMEITWA NA MUNGU?

Mara nyingi, maiti inapotolewa katika Ziwa Kivu, twasikia watu wakisema: "Ni mapenzi ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika." Neno hilo hutuliza machozi ya wafiwa, nasi hatulidharau. Lakini yafaa tujiulize kama Wakristo: Je, ni kweli kila mara? Au pengine twamtwika Mungu mzigo ulio wetu?

Tutazame yaliyotokea. Mwezi wa Aprili 2019 boti moja ilizama upande wa Kalehe, na watu wapatao 150 walitajwa kuwa hawajulikani walipo. Rais wa nchi alikwenda kuwapa pole wafiwa, akaamuru wasafiri wa ziwani wavae jaketi za kuokoa maisha. Miaka mitano ikapita. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku hapa Goma. Watu wa pwani waliiona ikizama. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilichukua watu 278, na kwamba 78 wamekufa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kwa nini watu walijazana? Kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya kupitia Sake, na mama mwenye magunia ya chakula hakuwa na njia nyingine ya kufika sokoni.

Basi, nani aliamua hapo? Mungu hakuwapakia abiria wale. Ni watu waliowapakia. Dini yatufundisha kupambanua yale Mungu anayoyataka na yale anayoyaacha yatokee kwa kuwa ametupa uhuru. Katika Sheria ya Musa, mwenye kujenga nyumba aliagizwa aweke ukingo juu ya paa, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Naye aliyechimba shimo asilifunike, alilipa mnyama wa mwenzake aliyetumbukia. Mungu mwenyewe, basi, hakukubali udhuru wa "siku yake ilifika".

Wengine watasema: "Kosa ni la yule aliyepanda boti iliyojaa." Hapana. Mwenye njaa hana uchaguzi mwingi. Kosa hupimwa kwa uwezo wa mtu. Mwenye boti anayepokea nauli kupita kiasi ana kosa kubwa. Mwenye mamlaka anayefumba macho ana kosa. Na sisi tunaojua hatari tukanyamaza, tuna sehemu yetu. Mwanzoni mwa Misa twaungama si mabaya tuliyotenda tu, bali na mema tuliyoacha kutenda.

Tena wengi hawafi katika ajali kubwa. Hufa mmoja mmoja: mtoto aliyetumwa kuteka maji na bidoni, akateleza juu ya mawe ya volkeno, kijana aliyekwenda kuoga, mvuvi wa usiku. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu 300,000 hivi waliokufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka 5. Pwani yetu, zaidi ya hayo, ina mazuku, hewa nzito itokayo ardhini, isiyoonekana kwa macho, ikalala mabondeni. Mwenye kuoga mahali pale aweza kuzimia kabla hajapiga kelele.

Mlima Nyiragongo una wataalamu wanaouchunguza mchana na usiku, na ni vema. Ulipolipuka Mei 2021 waliokufa walikuwa kama 30 hivi. Ziwa halitoi moshi wala halitetemeshi ardhi. Kwa hiyo twalisahau, ingawa huua wengi.

Tufanye nini? Kwanza tujue mahali. Kila jumuiya ndogo ya Kikristo iliyo karibu na ziwa yaweza kuketi pamoja na wazee na wavuvi, ikachora ramani katika daftari: hapa watoto huteka maji, hapa kina huanza ghafula, hapa pana mazuku, hapa boti hujazwa mno, mwaka fulani mtu alizama hapa. Kisha kila alama ipewe kazi yake: hapa kamba, hapa uzio, hapa kibao cha onyo, hapa mtu mzima wa kuwaangalia watoto. Vijana wafundishwe kuogelea, tena wafundishwe wasijitupe majini ovyo kumwokoa mwenzao, bali wamrushie kamba au bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Na kuhusu boti, mama mmoja hawezi kumkatalia mwenye boti; lakini wanawake wa soko zima, pamoja na parokia yao, wakisema neno moja, watasikiwa.

Kumpenda jirani huanza kwa kujua ni wapi anapoweza kupotea. Tukiisha kufanya yote yaliyo katika uwezo wetu, na bado maji yakamchukua mtu, ndipo tutakapoweza kuwaambia wafiwa bila haya: Mungu amempokea.