Nani Hulipwa kwa Kungoja?

Gogo alipata stima mwaka wa 2016. Gogo ni nyanya yangu. Ndivyo tunavyowaita huku kwa Wakipsigis, na tafadhali msicheke, najua gogo ni kitu gani kwa Kiswahili. Nyumba yake iko juu kidogo ya Mogogosiek, Kaunti ya Bomet, mahali ambapo chai huanzia mlangoni na kuishia pale macho yanapochoka. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeanzisha mradi wa Last Mile, na ada ya kuunganishiwa umeme ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nguzo zikapanda kilima, waya ukaingia kwa Gogo, na jioni ya kwanza tulikaa sebuleni watu kumi na mmoja tukiangalia balbu kana kwamba ni televisheni.

Matumizi yake hayakuwa mengi. Balbu mbili, redio, na kabambe ya kuchaji. Kufikia saa tatu usiku boma lote ni giza.

Mwezi mmoja akanipa mia mbili nimnunulie tokeni. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili nangoja kuingia chuo, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa idara ya teknolojia ya familia. Ujumbe ukaingia: shilingi 150 zimekatwa kama ada ya kudumu ya mwezi, na pesa iliyobaki imenunua yuniti za kuhesabu kwa vidole. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena, polepole.

"Hizo mia na hamsini nimezitumia lini?"

"Hujazitumia, Gogo. Ni za kila mwezi. Utumie, usitumie."

"Kwa hivyo nalipia kulala?"

Nikamweleza nilivyosikia kwenye redio: kwamba ni pesa za nguzo, za waya, za transfoma, na za wale vijana wanaopanda juu usiku wa mvua. Hata yeye akilala, waya uko macho unamngoja.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na mimi nikikaa macho na chai yangu na mvua isinyeshe, nani hunilipa?"

Nilicheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Tangu hapo nimeingia chuo, nimetoka chuo bila cheti, na bado swali hilo linanifuata. Nadhani ni swali la haki, ingawa lilianzia kwenye risiti.

Tuanze kwa kuwa waungwana. Ile ada haikuwa wizi. Ukifikiria vizuri, sehemu kubwa ya gharama ya kupeleka umeme kijijini haitegemei umewasha nini. Nguzo huoza hata kama hujachaji simu. Transfoma inaweza kuharibiwa na radi usiku ambao hakuna aliyepiga pasi. Mtu anayetumia yuniti tano na anayetumia mia wote wanahitaji waya uleule ufike mlangoni. Ukilipisha yuniti peke yake, yule wa mia atakuambia kwamba yeye ndiye anamlipia jirani nguzo.

Na si kweli kwamba watu wetu huchukia kulipia kitu ambacho hawajatumia. Gogo huyohuyo aliyelia na mia na hamsini yuko kwenye chama cha matanga. Kila mwezi anatoa mia, na hajawahi kuuliza, "Mwezi huu sijafiwa, mbona nalipa?" Angeuliza hivyo, akina mama wenzake wangemtazama kama mtu aliyepoteza akili. Unalipa ili siku yako ikifika, wenzako wawe tayari. Kuwa tayari ni kazi, na kazi ina bei. Hilo Gogo alilijua kabla mimi sijazaliwa.

Basi kwa nini mia ya chama haimuumi na mia na hamsini ya stima inamuuma? Nilidhani ni kwa sababu chama kina sura za watu anaowajua. Hiyo ni sehemu ya jibu. Mweka hazina wa chama anaweza kuulizwa kanisani Jumapili, na kuna mjane ambaye wote wanajua hana kitu, na akikosa kutoa hakuna anayefungua daftari. Kampuni ya stima haina Jumapili. Ukipiga simu unaambiwa usubiri kwenye laini, muziki unapigwa, salio linaisha.

Lakini kuna jambo lingine. Kwenye chama, anayelipia utayari wa wenzake naye ni tayari kwa ajili yao. Inaenda na kurudi. Kwenye stima inaenda tu.

Mwaka wa 2018 ile ada iliondolewa. Kuanzia Julai, Tume ya Kudhibiti Kawi, ERC, ambayo siku hizi ni EPRA, ilifuta shilingi 150 kwa wateja wa nyumbani. Tanzania walikuwa wametutangulia. EWURA iliondoa ada kama hiyo mwaka wa 2016. Kwetu watu walifurahi. Mimi nilifurahi mpaka nilipochukua kalamu.

Hebu tuhesabu pamoja, bila kodi na tozo nyingine. Kabla ya Julai 2018, yuniti 50 za kwanza zilikuwa shilingi 2.50 kila moja. Anayetumia yuniti 30 alilipa 75, ukiongeza ada ya 150 inakuwa 225. Baada ya Julai, bei nafuu ya shilingi 12 ilikuwa ya wanaotumia hadi yuniti kumi tu. Ukizidi hapo, bei ni shilingi 15.80. Yuleyule wa yuniti 30 sasa analipa zaidi ya 400. Gogo wa yuniti tano alitoka 162.50 akafika 60, na hapo tunapiga makofi. Lakini binti yake, shangazi yangu, mwenye watoto wanaosoma usiku na pasi ya sare, alipanda karibu mara mbili. Kelele zilikuwa nyingi, na kufikia Novemba mwaka huohuo kiwango cha bei nafuu kikasogezwa hadi yuniti 100, kwa shilingi kumi. Mwaka wa 2023 kikarudishwa chini hadi yuniti 30.

Kumbe gharama ya kungoja ilikuwa palepale. Iliondoka kwenye mstari wake ikaingia ndani ya yuniti, mahali ambapo Gogo hawezi kuiona na kuiuliza swali. Ninakiri hili linanisumbua. Ile ada mbaya angalau ilikuwa na jina. Ilitoka mbele za watu ikasema: mimi ni mia na hamsini, nakula hata ukilala. Ungeweza kubishana nayo.

Sasa njoo upande wa pili wa waya. Je, unajua kuna wanaolipwa kwa kuwa tayari? Mikataba mingi ya kampuni binafsi zinazozalisha umeme nchini ina malipo ya uwezo: mtambo ukiwa tayari kuzalisha, unalipwa, hata kama umeme wake hauhitajiki siku hiyo. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulikamilika mwaka wa 2017, lakini laini ya serikali ya kusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikachelewa mpaka Septemba 2018. Upepo ulivuma, mapanga yalikuwa tayari, na umeme haukuwa na pa kupita. Mkataba ulisema wenye mradi hawawezi kubeba hasara ya kosa ambalo si lao, kwa hivyo wakalipwa fidia ya mabilioni ya shilingi. Mwaka wa 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo, likiongozwa na John Ngumi, kuichunguza mikataba hii yote, na Januari 2022 bei ya umeme ikapunguzwa kwa asilimia 15.

Sisemi mwekezaji wa upepo alikosea. Alijenga, alikuwa tayari, na kilichokwama hakikuwa upande wake. Ninachosema ni kwamba hayo ndiyo maneno ya Gogo, neno kwa neno. Yeye pia alipanda, akapalilia, akapogoa, akanunua mbolea. Ukame ukija, au mvua ya mawe ambayo Kericho na Bomet tunaijua sana, yeye yuko tayari ila majani hayapo. Lakini karatasi yake ya malipo huhesabu kilo. Kilo sufuri, shilingi sufuri. Bonasi ya mwisho wa mwaka nayo huhesabiwa kwa kilo hizohizo.

Na chini ya Gogo kuna mchunaji, ambaye hana hata shamba. Anaamka saa kumi na moja, anafunga plastiki kiunoni, anafika. Asubuhi ambayo majani hayajatoka amefika vilevile, ila mzani hauna habari ya kufika. Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuchuna chai kule Kericho, na wengi mjini walisema ni ushamba wa kuogopa maendeleo. Labda. Lakini fikiria mashine ikilala ghalani siku ya mvua ya mawe. Mkopo wake unalipwa, fundi wake analipwa, mlinzi wake analipwa. Kulala kwa chuma kuna bajeti. Mama wa kikapu akilala nyumbani siku hiyohiyo, hiyo ni shida yake na watoto wake.

Na mimi je? Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, yaani nalipwa kwa neno, na sizungumzii ahadi. Simu yangu iko hewani mchana na usiku nisije nikakosa kazi. Nalipa kodi ya nyumba kila mwezi, niandike nisiandike. Nadhani wewe unayesoma hii kwenye matatu, kama unaendesha bodaboda ya programu au unauza nguo mtandaoni, unajua ninachosema. Kizazi chetu kinauza kwa kipande na kununua kwa mwezi. Wote tuko macho kama ule waya, ila hakuna anayetukatia mtu mia na hamsini kwa niaba yetu.

Kwa hivyo siwezi kusema ada ya kudumu ni dhambi. Mtu akiniuliza leo, nitasema: lipieni utayari, ni haki. Lakini uandikwe wazi tuuone, asiye na kitu asamehewe kama mjane wa chama, na tusijifanye kwamba utayari ni wa nguzo na mitambo peke yake. Ukikubali kwamba transfoma inastahili kulipwa kwa kungoja, itabidi unieleze kwa nini binadamu hastahili. Sijasikia maelezo hayo, na nimeyatafuta.

Mara ya mwisho nilipoenda nyumbani, mvua ya mawe ilikuwa imepiga usiku kucha. Asubuhi chai ilikuwa kama imepigwa kiboko, majani yametoboka, hakuna cha kuchuna wiki nzima. Yule mama anayemsaidia Gogo kuchuna alikuwa ameshatembea kutoka ng'ambo ya mto, kikapu mgongoni. Akasimama mlangoni, akaangalia shamba, akaguna.

Gogo akamkaribisha ndani, akamwekea chai na mahindi ya kuchemsha. Wakaongea juu ya mbuzi. Alipoinuka kwenda, Gogo akafungua kitambaa, akampa noti ya mia. Mama akakataa, akasema leo hajachuna hata jani moja.

"Najua," Gogo akasema. "Lakini umekuja."