Vyuma Chakavu: Je, Mnunuzi Hana Lawama?

Twaulizwa mara nyingi: mtu anunuaye vyuma chakavu kwenye mizani yake, kisha akaviuza kwa wenye matanuri, naye hakuiba wala hakumtuma mwizi, ana lawama gani iwapo ndani ya gunia mna kipande cha nguzo ya umeme?

Kwanza na tuiseme haki ya kazi yenyewe. Kuyeyusha chuma cha kale kupata kipya ni jambo la kusifiwa. Kila tani moja ya chakavu iingiayo tanurini huokoa mawe ya chuma yapatayo tani 1.4 na makaa ya mawe kilo 740, na moshi wa kudhuru hupungua sana. Na mwenye kuzunguka mitaani na mkokoteni, akikusanya mabati yaliyoliwa na kutu, anakula jasho lake.

Lakini chuma kina sifa isiyo katika ng'ombe wala katika nguo: kikiisha kuyeyuka, alama ya mwenyewe haipo tena. Ng'ombe wa wizi huenda akatambulikana sokoni, nondo haitambulikani. Basi pahali pa kuuliza ni penye mizani, kabla ya moto.

Wao hujibu kwamba hawawezi kukagua kila kipande. Jawabu hili halitutoshi. Wajua kwamba shaba nyekundu ikichanganyika na chuma kilichoyeyuka haitoki tena, na chuma hicho hupasuka kifinywapo kingali na moto. Kwa hivyo shaba huiondoa. Mtungi uliozibwa wauogopa usije ukaripuka tanurini, nao huutoa. Ikiwa macho yao yaona kiharibucho mali yao, vipi yawe mapofu kwa mali ya watu?

Tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika Kenya nzima baada ya nguzo za laini kuu ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka, na serikali ikasema zilihujumiwa. Siku tisa baadaye biashara yote ya chakavu ikapigwa marufuku mpaka mwezi wa Mei. Mwizi na mwenye mkokoteni wakafungiwa mlango mmoja. Hiyo nayo si insafu; mwenye mkokoteni hana akiba ya miezi mitatu.

Sheria ya mwaka 2015 yamtaka mwenye mizani awe na leseni na aandike daftarini alichonunua na aliyemuuzia. Twaona daftari hilo ni wajibu wake hata asipokuja askari kulitazama. Na kipande ambacho muuzaji hawezi kueleza kilikotoka, na akiache, ijapokuwa jirani yake atakinunua.